Ruta ya Kuchomekea Modemu: Vidokezo 14 Kabla Hujatoa Hela

Dada yangu ana steshenari Msamvu, Morogoro, hatua chache kutoka stendi ya mabasi. Msimu wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu ya HESLB ukifika, benchi la nje hujaa wanafunzi waliobeba vyeti kwenye bahasha za kaki. Ndani kuna kompyuta tatu, na kwa muda mrefu kulikuwa na modemu moja ya USB iliyokuwa ikichomolewa hapa na kuchomekwa pale. Mteja wa kompyuta ya pili alimsubiri wa kwanza amalize, na wa tatu alienda kunywa chai. Siku tuliyoichomeka modemu ile kwenye ruta, kompyuta zote tatu zikapata mtandao kwa wakati mmoja, pamoja na simu ya dada mwenyewe.

Lakini hiyo ilikuwa ruta ya pili. Ya kwanza tulinunua bila kuuliza tunayopaswa kuuliza. Haya ndiyo maswali yenyewe.

1. Anza na modemu

Wengi huingia dukani wakiulizia "ruta nzuri", na muuzaji huwapa ile aliyonayo nyingi. Kabla hujatoka nyumbani, shika modemu yako, fungua kifuniko, toa laini na usome lebo ndogo iliyo chini yake. Utaona jina la mtengenezaji, jina la modeli na IMEI yenye tarakimu 15. Nakili jina la modeli lote mpaka herufi ya mwisho. Huawei E3372h na Huawei E3372s ni mapacha kwa sura, lakini zinafanya kazi kwa njia mbili tofauti, na ruta inayoielewa moja inaweza kuikataa nyingine.

Nembo ya kampuni ya simu iliyochapwa juu ya ganda haitakusaidia. Kampuni iliagiza tu. Aliyetengeneza ni Huawei, ZTE, Alcatel au mwingine, na ruta inamtambua mtengenezaji. Piga picha ya lebo hiyo uende nayo dukani.

2. Kama bado huna modemu, usiinunue

Nasema hivi mapema ili nisikupotezee hela. Mtu anayeanza sifuri anunue ruta yenye sehemu ya laini ndani yake. Kifaa kimoja, adapta moja, lawama kwa muuzaji mmoja. Ukiwa mtu wa safari, MiFi ya mfukoni yenye betri itakufaa zaidi.

Ruta ya kuchomekea modemu ina maana kwa watu watatu: aliye na modemu nzima tayari, anayetaka modemu ile ile leo iwe ofisini na kesho kwenye laptopu njiani, na yule ambaye mtandao unashika dirishani tu huku watu wote wakikaa chumba cha ndani. Ukijiona hapo, endelea.

3. Tundu la USB lina kazi nyingi, uliza ni ipi

Ruta yetu ya kwanza niliinunua Kariakoo, mtaa wa Aggrey, nikiwa na haraka ya kuwahi basi. Ilikuwa na antena nne na tundu la USB nyuma. "Hii inakubali kila kitu, kaka," aliniambia kijana wa dukani. Tulipoichomeka modemu pale Msamvu, taa yake ikawaka, ikapepesa, ikaendelea kupepesa hadi tukafunga duka. Tulibadilisha laini, tukabadilisha soketi, tukazima na kuwasha. Siku iliyofuata nilisoma maelezo ya kile kijitabu kwa utulivu: tundu lile lilikuwa la printa na flashi. Umeme ulikuwa unafika kwenye modemu, ndiyo maana taa iliwaka, lakini ruta haikuwa na programu ya kuongea nayo.

Kwa hiyo tafuta kwenye boksi maneno "3G/4G" yakitajwa pamoja na modemu ya USB. Halafu mwombe muuzaji afungue ukurasa wa mipangilio ya ruta. Katika sehemu ya kuchagua chanzo cha intaneti, pembeni ya WAN, lazima kuwe na chaguo la 3G/4G. Lisipokuwepo, antena hata zikiwa nane, rudisha kwenye boksi.

4. Jua modemu yako inaongeaje

Modemu hizi ziko za namna mbili kubwa. Namna ya kwanza hujitambulisha kama simu: ruta ndiyo inayopiga namba, kwa kawaida \*99#, na kuomba kuunganishwa. Huawei E173, ZTE MF190 na ile E3372s ziko kundi hili. Namna ya pili Huawei wanaiita HiLink. Hii imebeba ruta ndogo tumboni mwake. Inapiga yenyewe, inajipa anwani ya 192.168.8.1, na kifaa kilichochomekewa huiona kama waya wa kawaida wa mtandao. E3372h ni ya huku.

Kuzitofautisha hakuhitaji fundi. Chomeka modemu kwenye kompyuta. Ikiwa ni lazima ufungue programu yake na kubonyeza kitufe cha kuunganisha, unayo ya kwanza. Ikiwa inatosha kuandika 192.168.8.1 kwenye kivinjari ukaona vijiti vya mtandao na kiasi cha data ulichotumia, unayo ya pili.

Kuna jambo moja zaidi, na hili linawachanganya hata mafundi wazoefu. Modemu nyingi zikichomekwa tu hujitokeza kwanza kama diski ya CD yenye programu ya Windows. Mtengenezaji alifanya hivyo ili mteja asihitaji CD pembeni. Kompyuta ikishasakinisha programu, huipa modemu amri ya kuacha kuwa CD na kuwa modemu. Sasa ruta haina Windows, kwa hiyo ni lazima iwe na amri hiyo kichwani mwake, na kila familia ya modemu ina amri yake. Ruta isiyoijua itaendelea kuona CD tu, nawe utaendelea kuona taa inayopepesa.

Modemu za HiLink kwa kawaida haziwasumbui watu sana zikiwa kwenye ruta, mradi ruta inazikubali. Ila angalia anwani. Ruta za GL.iNet nazo hutoka kiwandani na anwani ya 192.168.8.1, sawasawa na ya modemu ya HiLink. Viwili vikikutana na anwani moja, hakuna kinachopita. Ingia kwenye mipangilio, ipe ruta 192.168.9.1, washa upya, mambo yatakaa sawa. Nimeona mtu akirudisha ruta nzima dukani kwa ajili ya tarakimu hiyo moja.

5. Orodha ya mtengenezaji, na ile "Ver." iliyo chini ya ruta

TP-Link na wenzao huweka kwenye tovuti zao orodha ya modemu zinazokubaliwa na kila ruta. Itafute kwa jina la ruta, kisha tafuta ndani yake jina la modemu ulilopiga picha.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea. Ruta yenye jina moja hutengenezwa matoleo kadhaa, na ndani yake vipuri hubadilika. TL-MR3420 ya toleo la kwanza na ya toleo la tano ni ruta mbili tofauti zilizopewa jina moja. Geuza ruta, soma kibandiko cha chini: kuna "Ver." ikifuatiwa na namba. Orodha ya kusoma ni ya toleo hilo. Programu ya ndani ya ruta nayo ni ya toleo hilo hilo. Ukiingiza ya toleo lingine unaweza kuiua.

Modemu ikikosekana kwenye orodha, usikate tamaa papo hapo. Pengine programu mpya ya ndani imeiongeza. Lakini hapo usilipe kabla hujaona kwa macho yako ikifanya kazi.

6. Umeme

Hapa ndipo penye matatizo mengi kuliko sehemu nyingine yoyote, na ndipo watu wanapolaumu mnara bila kosa.

Tundu la USB 2.0 kwa kanuni hutoa miliampia 500, yaani wati 2.5 kwa volti 5. Modemu ikiwa karibu na mnara hutumia chini ya hapo. Ikiwa mbali, huongeza nguvu ya kurusha ili isikike, na ikianza kupakia picha au video hufika ukomo wa tundu hilo au hujaribu kuuvuka. Ruta isiyo na umeme wa ziada hulegea. Dalili zake ni hizi: mtandao upo vizuri ukisoma ujumbe, lakini ukianza kutuma faili kubwa, taa ya modemu inazimika sekunde mbili na kuwaka tena. Au ruta nzima inajizima na kujiwasha. Pale steshenari ilikuwa ikitokea kila mwanafunzi alipopandisha cheti chake kwenye mfumo wa maombi, na kila mara ilibidi aanze upya.

Angalia basi adapta. Ruta ndogo zinazotumia volti 5, kama TP-Link TL-MR3020, huja na adapta ya ampia 1. Hiyo ni wati 5 kwa ruta na modemu pamoja. Inatosha kwa shida. Weka adapta nzuri ya volti 5 na ampia 2. Ampia zikizidi hakuna kinachoharibika, kwa sababu kifaa huchukua kiasi kinachohitaji. Volti zikizidi ndiyo hatari: adapta ya volti 12 kwenye ruta ya volti 5 ni moshi.

Kama adapta ni nzuri na tatizo lipo, chomeka modemu kwenye habu ya USB yenye adapta yake, kisha habu kwenye ruta. Kuna pia waya wa vichwa viwili, kimoja kinaenda kwenye ruta na kingine kwenye chaja. Ni wa bei nafuu, na umeokoa modemu nyingi zilizokuwa zimeshahukumiwa kuwa mbovu.

7. Usilipie kasi ambayo mnara hautakupa

E3372, ambayo ni ya 4G, ukomo wake wa kushusha ni Mbps 150 na wa kupandisha ni Mbps 50, tena kwenye karatasi. E173 ya 3G ukomo wake ni Mbps 7.2. Ruta iliyoandikwa 300 inazitosha zote hizo na chenji inabaki. Zile zinazotangazwa kwa maelfu ya megabiti ni za watu wa faiba. Hela hiyo weka kwenye adapta na kwenye bando.

8. Loki na masafa

Modemu nyingi zilizouzwa na kampuni za simu zina loki: hukubali laini ya kampuni hiyo tu. Ruta haiwezi kuitoa. Jaribu laini ya mtandao mwingine kwenye kompyuta kwanza. Ikidai namba ya siri ya kufungulia, muone fundi kabla ya kununua ruta, maana huenda ukalazimika kuitumia kwa mtandao mmoja siku zote.

Ukiletewa modemu kutoka nje, hasa Marekani, uliza bendi zake. 4G ya kwetu iko sana kwenye bendi 20 ya megahezi 800 na bendi 3 ya megahezi 1800. Kampuni za Marekani hazitumii hizo mbili. Modemu zao hubeba bendi kama 2, 4, 12 na 13. Zawadi ya shemeji inaweza kuwa mpya kabisa, imefungwa plastiki, na isishike 4G hata ukiipandisha juu ya paa. Modemu za soko la Ulaya ndizo zinazotufaa.

Usisahau IMEI. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia Juni 2016, kilichoangaliwa kilikuwa namba hii, na modemu nayo inayo. Tuma tarakimu hizo 15 kwa ujumbe mfupi kwenda 15090 usome jibu kabla hujamlipa anayekuuzia modemu iliyokwisha kutumika.

9. Andaa laini kabla ya kuiingiza

Iweke kwanza kwenye simu. Ondoa PIN ya laini, kwa sababu ruta nyingi hukwama kimya kimya zikikutana nayo. Hakikisha bando lipo. Andika APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni yako ya simu: kwa Safaricom ya Kenya ni "safaricom", kwa Vodacom Tanzania ni "internet". Na kama laini yako ni ile ndogo kabisa na modemu inataka kubwa, usitumie kipande cha plastiki kilicholegea. Kikinasa ndani kitang'oa meno ya modemu. Nenda kaombe laini ya ukubwa unaotakiwa.

10. Ruta ikae kwa watu, modemu ikae dirishani

Hii ndiyo raha ya mpango mzima, na wengi hawaitumii. Modemu haina sababu ya kubanwa nyuma ya ruta. Nunua waya wa USB wa kuongezea, mita moja hadi tatu, ifunge modemu kwenye nondo za dirisha linaloelekea mnara. USB 2.0 kwa kanuni haivuki mita 5, na waya mwembamba wa bei poa hupoteza umeme njiani, kwa hiyo mfupi na mnene ni bora kuliko mrefu na mwembamba.

Faida ni tatu. Inashika mnara vizuri zaidi. Haipikwi na joto la ruta. Modemu ya 4G ikifanya kazi mchana kutwa huchemka hadi ukiishika unaachia. Na haigombani na waifai ya ruta kwa kukaa nayo kifua kwa kifua.

Usikisie kwa kuangalia vijiti. Kwenye ukurasa wa modemu ya HiLink kuna namba ya RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara, ambayo huandikwa kwa hasi. Ikiwa kati ya -80 na -90, umekaa pazuri. Ikifika -100, sogeza. Ikipita -110, dirisha hilo halifai, jaribu la upande wa pili. Sisi tulizunguka na waya mkononi, dada akisoma namba kwa sauti kutoka kwenye kompyuta, na mahali bora palikuwa juu ya kabati la karatasi, sehemu ambayo hakuna aliyeifikiria.

Taa nayo inasema. Kwa modemu za Huawei, kijani tulivu ni 2G, bluu ni 3G, samawati ni 4G. Ukiona kijani wakati mtaani kuna 4G, tatizo ni mahali ilipo au mipangilio, ruta usiiguse.

Walio mbali sana na mnara wachague modemu yenye matundu mawili madogo ya antena ya nje chini ya vifuniko vya pembeni. Matundu hayo ni ya aina ya CRC9 au TS9. Yanakaribiana kwa umbo, kwa hiyo nenda na modemu dukani unapofuata antena.

11. Umeme wa Tanesco ukikatika

Mnara una betri na jenereta, laptopu ina betri. Kinachokufa ni ruta. Ukichagua ruta ya volti 5, pawabenki inaibeba. Hesabu ni nyepesi: pawabenki ya mAh 10,000 ina takriban wati-saa 37, ukitoa kinachopotea njiani zinabaki kama 30. Ruta na modemu zikila wati 4, hiyo ni saa 7 za kazi. Ila chagua pawabenki inayoweza kuchajiwa na kutoa umeme kwa wakati mmoja, bila kukata hata sekunde umeme unapoondoka. Nyingi hukata.

Kwa ruta ya volti 12 kuna UPS ndogo za ruta, na zinafaa. Wenye sola wasiunge ruta moja kwa moja kwenye betri: betri ya volti 12 ikichajiwa mchana hupanda hadi zaidi ya volti 14, na ruta haikutengenezwa kwa hizo. Pitisha kwenye kifaa cha kutuliza volti.

12. Bando litaisha haraka kuliko ulivyozoea

Naomba usome hiki hata ukiruka vingine. Simu yako ikiwa kwenye data ya laini hujibana. Ikiona waifai, hudhani intaneti ni ya bure. Hapo ndipo programu zinapojisasisha zenyewe, picha zinapanda kwenye hifadhi ya Google, na WhatsApp inashusha kila video ya kila kundi, kwa sababu ndivyo ilivyopangwa tangu ilipowekwa. Zidisha kwa simu tano za nyumbani. Kompyuta ya Windows nayo inasubiri waifai ili ishushe masasisho yake. Bando la wiki linaondoka kwa usiku mmoja, na familia nzima inanuniana.

Kwenye Android, gusa jina la waifai hiyo, nenda kwenye matumizi ya mtandao, iweke kama mtandao wa kulipia kwa kipimo. Windows 10 na 11 zina kitufe cha namna hiyo kwenye mipangilio ya waifai. iPhone ina hali ya kubana data. Zima upakuaji wa WhatsApp kwenye kila simu, ukianzia na za watoto.

Kisha chagua ruta inayokusaidia. Iwe na hesabu ya data inayotumika, na iwe na uwezo wa kugawa kasi, ili anayetazama video asimnyime anayetuma maombi ya kazi. Uliza pia utanunuaje bando. Kwenye modemu ya HiLink unaweza kusoma ujumbe wa kampuni ya simu kupitia kivinjari, na nyingine zina sehemu ya kupiga namba kama \*149\*01#. Kwa modemu ya namna ya kwanza ikiwa ndani ya ruta, mara nyingi huwezi. Dawa yake ni kuinunulia bando kutoka simu nyingine kwa pesa ya simu, ukitaja namba ya laini iliyo kwenye modemu. Iandike namba hiyo kwa kalamu ya wino juu ya ruta. Bando likiisha saa tatu usiku hutaikumbuka.

13. Nenosiri na kamera

Badilisha nenosiri la waifai na lile la kuingilia kwenye mipangilio siku hiyo hiyo; yale ya kiwandani yanajulikana na kila mtu. Chagua WPA2 au WPA3, zima WPS. Ruta inayotoa WEP peke yake usiichukue hata kwa bure. Kwa steshenari au mgahawa, fungua waifai ya wageni iliyotengwa na kompyuta za kazi.

Wanaotaka kamera za duka waangalie kupitia simu wakiwa mbali: kampuni za simu huwapa wateja wengi anwani moja ya intaneti kwa pamoja, kwa hiyo kufungua milango kwenye ruta hakutasaidia. Nunua kamera inayounganishwa kupitia huduma ya mtengenezaji wake.

14. Kwa wenye mkono wa ufundi, kuna OpenWrt

Huu ni mfumo huru wa ruta ulioanza mwaka 2004, enzi za Linksys WRT54G, na hadi leo unafufua ruta zilizotelekezwa na watengenezaji. Ukiuweka, unaongeza mwenyewe vipande vya kuielewa modemu yako, iwe ya kupiga \*99# au ya HiLink, na ile amri ya kuacha kuwa CD ipo ndani. Tatizo ni nafasi. Ruta kuukuu zenye hifadhi ya megabaiti 4 na kumbukumbu ya 32, kama TL-MR3020 za mwanzo, haziwezi tena kubeba matoleo mapya. Tafuta yenye 16 na 128. GL.iNet GL-MT300N-V2, kiruta cha manjano kinachoenea kiganjani, ina kiasi hicho na hutoka kiwandani ikiwa na OpenWrt tayari, kwa hiyo huna cha kuhatarisha. Nikiwa na modemu isiyo kwenye orodha ya mtu yeyote, hiyo ndiyo ninayoanza nayo. Kwa ruta nyingine, usiguse programu ya ndani siku ya mgao: umeme ukikatika katikati ya kazi, ruta haiamki.

Sasa nenda dukani, na uende na modemu ikiwa na laini yako na bando ndani. Mwambie muuzaji aiwashe ruta, chomeka modemu kwa mkono wako, subiri dakika tano taa itulie. Fungua waifai kwa simu yako ukiwa umezima data ya laini, tazama video fupi, kisha mtumie mtu picha kubwa uone kama taa inazimika. Mwisho chomoa ruta kwenye umeme, irudishe, na usiguse kitu kingine chochote. Mtandao ukirudi wenyewe, lipa na uombe risiti yenye jina la ruta na namba ya toleo. Usiporudi, mshukuru muuzaji, chomoa modemu yako, nenda duka linalofuata.